Jinsi ya Kuchana Mkeka Kisomi

Kumpata farasi atakayeshindwa si kazi. Mpe mtoto penseli na kijitabu cha mbio, atakuchagulia sita kabla hajamaliza uji. Kazi ni kumpata farasi atakayeshindwa huku una sababu saba mkononi, zote za kitaalamu, za kwa nini alistahili kushinda. Huo ndio uchambuzi. Nimeusomea kwa hela zangu mwenyewe tangu nihamie huku Gloucestershire, safari ya basi moja tu kutoka uwanja wa Cheltenham, na leo naugawa bure.

Najua msomaji wangu ni mzoefu wa mikeka ya mpira, na ana timu yake moja inayomchania kila Jumamosi dakika ya tisini. Hayo ni mafua. Mchezaji wa mpira angalau anajua kwamba yuko mchezoni. Farasi anachojua ni kwamba ameamshwa alfajiri, amepakiwa kwenye lori, na sasa kuna mtu mgongoni mwake ana haraka. Tena sizungumzii zile mbio za tambarare, kama za Ngong kule Nairobi, ambazo zinakwisha hujamaliza kupenga kamasi. Nazungumzia mbio za kuruka: maili mbili hadi nne na ushei, juu ya viunzi visivyopungua futi 3 na nusu, au kuta za matawi zisizopungua futi 4 na nusu. Inasimuliwa kwamba zilianza mwaka 1752 katika jimbo la Cork, Ireland, pale mabwana wawili walipobishana nani ana farasi mzuri, wakashindana kutoka mnara wa kanisa la Buttevant hadi mnara wa kanisa la Doneraile. Katikati kulikuwa na mitaro, kuta na mashamba ya watu. Barabara ilikuwepo, ila inaonekana hawakuipenda.

Kwa mafunzo yetu nitatumia siku moja halisi: Ijumaa, 14 Machi 2025, siku ya nne na ya mwisho ya tamasha la Cheltenham. Mbio 7, kubwa kuliko zote Gold Cup, saa kumi jioni. Nilikwenda na mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, ambaye amekuwa akichambua farasi tangu kabla sijazaliwa na bado anaishi kwenye nyumba ya kupanga. Shemeji yangu aliye Leicester alikuwa hewani, yaani kwenye simu, kwa sababu siku hiyo alikuwa kazini na bosi wake alikuwa karibu.

Unaanza na kijitabu. Kando ya jina la kila farasi kuna mkufu wa tarakimu na herufi, tuseme 31F-2P1, na unasoma ukijua kwamba ya mwisho kulia ndiyo ya karibuni. Tarakimu ni nafasi aliyoshika. 0 maana yake alimaliza nje ya tisa wa kwanza. F alianguka. U alimwangusha aliyempanda akaendelea na safari zake. P alisimamishwa njiani kwa kuwa shughuli ilishamshinda. B aliangushwa na mwenzake aliyeanguka mbele yake. R alifika kwenye kiunzi, akakitazama, akakataa. Binafsi wenye R nawaheshimu kuliko wote, maana ndio pekee walioulizwa wakajibu.

Mchambuzi mchanga akiona F anakimbia. Usikimbie. Mwaka 2022, hapa hapa Cheltenham, farasi aitwaye Galopin Des Champs alifika kwenye ukuta wa mwisho akiwa amewaacha wenzake mbali kabisa, akaruka vizuri, akatua, miguu ya mbele ikamkunjikia. Kitabuni iliandikwa F, herufi ile ile anayopewa farasi aliyejikwaa kwenye ukuta wa kwanza akiwa wa mwisho. Mwaka 2023 akachukua Gold Cup, 2024 akachukua tena. Kwa hiyo F yaweza kuwa dhahabu. Kanuni yenyewe ni hii: F ya farasi unayempenda ni bahati mbaya, ya usiyempenda ni tabia. Ukiishika hiyo, hakuna mkufu wa tarakimu utakaokushinda kuupindisha.

Na usidhani kuanguka ni jambo la farasi dhaifu. Jumanne ya tamasha letu la 2025, kwenye Champion Hurdle, Constitution Hill, aliyekuwa akiangaliwa kama malaika, alianguka njiani. State Man akabaki anaongoza peke yake, watu wakaanza kuhesabu hela, naye akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho. Akashinda Golden Ace, odi 25 kwa 1. Nilikutana na wachambuzi watatu jioni ile waliosema walimwona. Mikeka yao sikuiona.

Tuje kwenye ardhi. Waingereza, ambao kwa mambo mengine hupenda kufupisha, wana msamiati wa udongo unaozidi wa bwana shamba. Ardhi inaweza kuwa ngumu, nzuri, nzuri kuelekea laini, laini, laini na nzito mahali fulani, au nzito. Kuna kifaa maalumu cha kuichoma ili kipime. Mzee jirani hakiamini. Yeye hufika mapema, huchagua sehemu moja karibu na uzio, hukanyaga kwa kisigino cha kiatu chake cha kulia, hukizungusha mara mbili, hutazama shimo, kisha hunyamaza kwa muda. Mimi niliyekulia Kyela nikiparura matope ya mpunga huwa namtazama kwa heshima, kwa sababu kusema kweli lile shimo halina tofauti na la wiki iliyopita.

Ila ardhi ni mali, usiipuuze. Farasi akishinda, ni mzuri. Akishindwa, hakupenda ardhi. Aliitaka laini zaidi, au alitaka ikauke kidogo, au aliipenda ilivyokuwa asubuhi kabla haijachakazwa na mbio tatu za kwanza. Ardhi ni kama mgeni aliyekwisha kuondoka: kikombe kikionekana kimevunjika, ni yeye. Mchambuzi asiyeandaa sababu ya ardhi tangu asubuhi atakuja kuaibika jioni.

Uzito nitaupitia haraka kwa sababu ni hesabu, na hesabu haidanganyiki kirahisi. Katika mbio za mizani, farasi hodari hubebeshwa zaidi. Vipande vya risasi hutiwa kwenye tandiko hadi, kwenye karatasi, wote wawe sawa. Yaani mtaalamu mmoja analipwa kuhakikisha kwamba wewe huwezi kumtofautisha farasi na mwenzake, na wewe unalipa kiingilio kujaribu. Gold Cup haina mambo hayo: karibu wote hubeba ratili 164, majike hupunguziwa 7.

Halafu kuna herufi ndogo za mavazi. Farasi anaweza kuvaa vifunika macho ili asiangalie majirani, au kofia ya kuziba masikio ili asisikie watu, au kufungwa ulimi kwa kitambaa ili asiumeze. Na tangu Januari 2018, Uingereza hutangaza farasi aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa. Sijui mchezo mwingine ambao cheti cha hospitali cha mchezaji kinachapishwa pembeni ya jina lake ili walevi wakijadili. Tumia taarifa hii kwa uangalifu: amepasuliwa, basi sasa anapumua vizuri; amepasuliwa, kumbe alikuwa hapumui. Chagua moja kulingana na odi.

Sehemu inayohitaji sikio ni maneno ya wakufunzi. Hawasemi uongo, wanasema lugha yao. Mkufunzi akisema "mbio za leo zitamjenga," ujue leo hatashinda. "Ana moyo mkubwa" maana yake miguu ni ya kawaida. "Siku za usoni atakuwa mrukaji wa kuta" husemwa juu ya farasi ambaye siku hizi haruki viunzi vizuri. "Nyumbani amefanya kazi nzuri" ni kweli tupu, ila mbio haziko nyumbani. Wa kuogopwa ni yule anayesema "tumekuja kutembea tu." Mwaka 1990, mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa kutoka Wales, Sirrell Griffiths, alikamua ng'ombe wake asubuhi, akaja Cheltenham na farasi aitwaye Norton's Coin, odi 100 kwa 1. Siku hiyo kila mtu alikuwa na Desert Orchid, farasi mweupe aliyependwa kama mtoto wa taifa. Desert Orchid akawa wa tatu. Gold Cup ikaenda kwa mkamua maziwa.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo, kwa sababu kuna Willie Mullins wa Closutton, jimbo la Carlow, ambaye Machi 2024 alifikisha ushindi wa 100 katika tamasha hili. Yeye haleti farasi, analeta kijiji. Katika mbio za kwanza za Ijumaa yetu, Triumph Hurdle, za farasi wa miaka minne, zaidi ya nusu ya waliosimama kwenye mstari walitoka bandani kwake. Ushauri wa kitaalamu katika hali hiyo ni kumtazama mpanda farasi wake mkuu, Paul Townend, amechagua yupi, ukijua kuwa yeye ndiye anayewapanda asubuhi na anajua siri zao. Ushauri huu ni mzuri sana. Ushikilie, tutaurudia.

Sasa twende kwenye duara la maonyesho, mahali ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu ndipo mtu asiyejua lolote anaweza kusimama kwa uso wa daktari bingwa. Farasi wanazungushwa taratibu na watunzaji wao, wewe umeegemea uzio. Unatakiwa uangalie manyoya kama yanameremeta, masikio kama yako mbele, hatua ya miguu ya nyuma kama inapita alama ya kwato ya mbele. Unaangalia jasho. Jasho kidogo shingoni si neno. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, kama la sabuni ya kufulia, ni dalili kwamba anamaliza mbio zake hapo hapo duarani kwa mawazo. Ijumaa ile farasi mmoja wa kahawia alipita mbele yetu akasimama, akainua mkia, akajisaidia kwa utulivu mbele ya bwana aliyevaa suti ya kitambaa kizito cha sufu, mmiliki wake pengine. Mzee jirani akatoa kalamu na kuandika kitu.

"Umeandika nini?" nikamuuliza.

"Amepungua uzito," akasema. "Wenzake bado wamebeba."

Angalia pia umri, maana hapa ni tofauti na tambarare. Wengi wa hawa wamehasiwa kama maksai, hakuna anayewasubiri nyumbani kwa ajili ya mbegu, kwa hiyo wanafanya kazi mpaka uzee. Red Rum alishinda Grand National ya Aintree mwaka 1973 na 1974, na alipoishinda ya tatu, 1977, alikuwa na miaka 12. Mkufunzi wake alikuwa muuza magari, akimfanyisha mazoezi kwenye mchanga wa pwani ya Southport. Weka kumbukumbu hii akilini kwa ajili ya kumtetea farasi mzee. Kwa ajili ya kumtetea kijana, tafuta nyingine.

Majina? Mchambuzi hachagui farasi kwa jina, hiyo ni kazi ya mashangazi kwenye Grand National. Kanuni inaruhusu herufi 18 tu, nafasi zikihesabiwa. Ndiyo maana kulikuwa na farasi kwenye Gold Cup yetu aitwaye Inothewayurthinkin, neno moja lililobanwa kama abiria wa daladala. Hesabu: ni 18 kamili. Mwenye akili timamu hawezi kumpa hela yake farasi asiyeweza hata kulitamka jina lake.

Baada ya yote haya unakwenda kwa wapokea dau, waliopanga mstari na vibao vyao vya taa. Odi zao husomwa kwa sehemu: 5 kwa 1, weka pauni moja upate tano na yako urudishiwe. Kama moyo ni mdogo unaweka dau la pande mbili, nusu ashinde, nusu aingie tatu bora au zaidi kidogo, ambapo hulipwa robo au sehemu ya tano ya odi. Ni namna ya kisheria ya kufurahia kushindwa. Usibabaishwe na watakaokukumbusha habari ya Foinavon, mwaka 1967, aliyekuwa nyuma sana Aintree kiasi kwamba wenzake walipogongana na kurundikana kwenye ukuta wa 23 yeye alipata muda wa kuchagua pa kupita, akashinda kwa odi 100 kwa 1. Mkufunzi wake hakuwepo. Alikuwa Worcester kwenye mbio nyingine. Mambo kama hayo hayachambuliki. Wala la Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth, aliyekuwa anaongoza mwaka 1956 zikibaki hatua chache tu, hakuna kiunzi, hakuna mtu mbele, akajitupa chini kwa tumbo. Aliyempanda, Dick Francis, baadaye alijulikana dunia nzima kwa riwaya za upelelezi, lakini kesi hii mpaka leo ina nadharia nyingi na jibu hakuna.

Basi. Saa saba na dakika chache, kabla ya Triumph Hurdle, simu ikaita.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Haraka, wanakwenda mstarini."

"Kuna huyu Poniros. Naona mia kwa moja. Nimtupie pauni tano?"

Nilisikitika kwa niaba ya elimu. Nikamweleza. Poniros, shemeji, hajawahi kushindana juu ya viunzi hata mara moja. Mbio zake zote ni za tambarare, kwa hiyo mkufu wake wa tarakimu hauna la kusema juu ya kuruka. Ni wa Mullins, ndiyo, lakini Mullins ana kijiji kizima humu, na Townend, anayewajua wote, hakumchagua huyu. Hata mzee jirani amekunja midomo. Nikaeleza ardhi, nikaeleza historia, nikaeleza kwamba farasi wa mara ya kwanza hafungulii darasa kwenye mtihani wa taifa. Shemeji ni mtu wa adabu, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, shemeji, ndiyo maana nauliza wasomi." Hela akaiacha mfukoni.

Poniros alishinda. Alitokea pembeni kwenye mteremko wa mwisho kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akapanda kile kilima cha Cheltenham ambacho wenye uzoefu wote huwa wanakifia, akapita. Uwanja wote ulikaa kimya, kisha ukasikika mlio mmoja wa furaha upande wa wapokea dau. Pauni tano mara mia ni mia tano. Ujumbe wa shemeji ulikuwa na herufi moja tu na nukta: "P." Sikujua kama alimaanisha Poniros au alikuwa ananisoma kwa lugha ya kijitabu.

Nilijipanga upya kwa Gold Cup. Hapa sikuwa na wasiwasi, na odi zenyewe hazikuwa na wasiwasi: Galopin Des Champs alikuwa anatafuta la tatu mfululizo, na ukiweka kumi faida yake haifiki kumi. Mwezi uliotangulia, kwenye Irish Gold Cup kule Leopardstown, alikuwa amemwacha nyuma huyo huyo mwenye jina la daladala, ambaye kwanza hata hakuwa kwenye orodha ya awali; mwenye farasi alilipa pauni 25,000 ili aingizwe kwa kuchelewa. Mkufunzi wake, Gavin Cromwell, alianza maisha akiwa fundi wa kupiga viatu vya farasi. Nilisoma yote hayo asubuhi kwenye basi. Ukiyapanga vizuri yanasema: mtu hachomi pauni 25,000 hivi hivi, na anayejua kwato anajua farasi. Mimi niliyapanga vizuri upande mwingine.

Maili tatu na falongi mbili na nusu, kuta 22. Galopin hakuanguka, hakugoma, alimaliza wa pili. Aliyempita ana herufi 18. Mzee jirani alikitazama kisigino cha kiatu chake kwa muda mrefu.

"Ardhi," akasema.

"Ardhi," nikaitikia.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nimeshafungua kijitabu cha kesho yake, Uttoxeter, Midlands Grand National, maili nne na ushei, na nilikuwa nimekwisha kuona mmoja ambaye wenzangu wengi hawatamwona, kwa sababu ana F lakini ni F nzuri. Simu ikaita tena.

"Shemeji," akasema, sauti yake haina kinyongo hata kidogo, "kesho unachambua?"

"Nimeshaanza. Kuna mmoja hapa, nikikuambia sababu zake..."

"Hapana, shemeji, huyo kaa naye. Mimi nisomee wale uliowakata."

Nikamsomea. Akawa anayarudia majina polepole, kalamu inasikika ikikwaruza karatasi, na kila nilipotaka kueleza kwa nini nimemkata fulani, aliniambia nisijisumbue, niendelee na anayefuata.